Nyumba ya mzee imerudi, ila ya vitofali vya kompyuta

Mimi nadunda kama kawaida, ingawa macho yamevimba utadhani nimeng'atwa na nyuki. Usinifikirie vibaya. Sikuwa disko wala kilabuni. Usiku tatu mfululizo nimekaa mbele ya kompyuta ya mpwa wangu napaka rangi ukuta. Ndiyo, ukuta, ndani ya gemu!

Gemu lenyewe ni Minecraft, lile la vitofali. Kama una mdogo wako nyumbani unalijua. Lilianza mwaka 2009 kwa Msweden mmoja, Markus Persson, likakamilika 2011, na mwaka 2014 Microsoft wakainunua kampuni yake kwa dola bilioni 2.5. Kazi yake ni kuchimba vitofali na kujenga. Usidhani ni mchezo wa watoto wa kizungu peke yao. Pale Kibera, Nairobi, UN-Habitat walilitumia kupanga uwanja wa Silanga pamoja na wakazi wenyewe, chini ya mpango ulioanza 2012. Kwa hiyo mtu akikuambia anapoteza muda, mwambie apunguze mdomo.

Sasa mkasa wenyewe. Mpwa wangu ana miaka kumi na tatu. Juzi kanivuta shati, "Anko, njoo uone kitu." Nikaenda shingo upande. Nikachungulia kwenye kioo, mate yakanikauka. Dogo kajenga nyumba ya mzee wetu! Baraza lile lile, ngazi tatu, chumba cha uani, hadi mwembe. Nyumba ile tuliiuza mwaka juzi, mzee alipokwishatangulia mbele ya haki, na aliyenunua kaivunja mpaka msingi. Mimi nilizaliwa mle. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeshikilia bango kwamba iuzwe tugawane, mimi nikapinga, na tangu siku ya kugawana hatukuwahi kupigiana simu. Hayo tuyaache.

"Kasoro rangi, Anko," dogo akasema. "Kuta za humu ni za kizungu. Nataka ukuta wa babu."

Ndipo nilipojifunza mambo ya teksicha. Kitofali cha Minecraft ni boksi tu, na teksicha ni picha iliyobandikwa juu yake, kama karatasi ya kufungia zawadi. Picha hiyo ni ndogo mno, nukta 16 kwa 16, yaani nukta 256 basi. Ukibadilisha picha, kitofali kinabadilika sura dunia nzima ya gemu, lakini ulichojenga hakiguswi. Ukitoa pakiti yako, rangi za zamani zinarudi, na nyumba yako ipo pale pale.

Kupata picha za kuanzia si kazi. Kwenye kompyuta, ndani ya folda ya gemu kuna folda inaitwa versions, na ndani yake faili la toleo lako lenye mkia wa .jar. Tengeneza nakala, uifungue kama zipu, picha zote zimo. Sisi tulichukua terakota ya kijani kwa ajili ya ukuta, zege jekundu kwa ajili ya sakafu ile ya kusugulia nta, na mlango wa mwaloni, ambao una picha mbili, ya juu na ya chini. Ukazifungua kwenye programu ya kuchorea, ukabadilisha nukta moja moja. Jina la faili usiliguse hata herufi. Mimi niliandika jina la ukuta kwa herufi kubwa mwanzoni, gemu likanipita kama halinijui.

Halafu zipange kwa mtindo ule ule zilivyokaa: folda ya assets, ndani yake minecraft, ndani yake textures, ndani yake block. Kando ya assets weka faili dogo la maandishi, pack.mcmeta, ambalo ndilo kitambulisho cha pakiti. Lina namba inayoliambia gemu pakiti hii ni ya matoleo gani. Rahisi ni kunakili la pakiti nyingine ya toleo kama lako. Namba isipolingana gemu litakuonya kwa rangi nyekundu, ila mara nyingi ukikubali linaendelea.

Kisha funga vyote kwenye zipu moja. Hapa ndipo nilipoangukia pua. Nilifunga folda iliyobeba vyote, kumbe inatakiwa ufungue folda, uchague assets na pack.mcmeta, ndiyo ufunge hivyo viwili. Ukiweka folda ndani ya folda, gemu halioni kitu. Nusu usiku ilikwenda hapo, huku dogo ananitazama kwa huruma kama fundi aliyeshindwa redio.

Kuiweka sasa ni dakika mbili. Ingia gemu, bonyeza "Options", halafu "Resource Packs". Zamani waliita "Texture Packs", wakabadilisha mwaka 2013. Bonyeza kitufe cha kufungua folda ya pakiti, tupia zipu yako humo, usiifungue. Rudi kwenye gemu, utaiona upande wa kushoto, bonyeza mshale ihamie kulia, malizia na "Done". Kioo kitaganda kidogo, usikate tamaa. Angalizo: folda ya jirani inaitwa saves. Humo ndimo dunia zote ulizojenga zinaishi. Ukifuta humo kwa papara umefuta jasho la mwaka mzima.

Wa simu, gemu lenu ni toleo jingine, Bedrock, na pakiti za kompyuta haziingii. Tafuteni faili lenye mkia wa .mcpack, mkiligusa linajiweka lenyewe, halafu mnaliwasha kwenye mipangilio. Na wote mnaopakua za bure mtandaoni, pakiti ya teksicha haiji na mkia wa .exe hata siku moja. Ukiuona huo, kimbia, ni mwizi kabisha hodi. Na kama kompyuta yako ni mtumba kama ya kwetu, baki na nukta 16. Hizo za 128 zitaifanya ihemee puani.

Tatizo lililobaki halikuwa la kompyuta. Kijani gani? Mimi nilikumbuka kijani cha mchicha, dada akasema hapana, cha ndizi mbichi. Picha moja ya rangi iliyobaki ya ile nyumba iko kwa kaka. Nilizunguka na simu mkononi tangu magharibi mpaka saa tatu usiku. Mwisho nikapiga.

"Bwana mdogo," akasema, kisha kimya. "Leo umeota?"

Nikamweleza habari ya ukuta. Nilidhani atacheka. Akaniambia nisikate simu, nikasikia anavuta droo. Picha ikaja kwenye simu kabla sijamaliza chai. Kijani cha ndizi mbichi, dada kashinda. Ila chini kaka kaandika: mlango usipake bluu, mlango wa mzee ulikuwa rangi ya chokoleti.

Chokoleti! Nikapiga tena, tukabishana nusu saa nzima, kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Kumbe wote tuna haki. Ulikuwa chokoleti yeye akiwa mdogo, mzee akaupaka bluu alipostaafu, na mimi ndio nilioujua huo. Hela ya nyumba hatukuigusa kwenye mazungumzo, wala sisemi yamekwisha. Lakini Jumapili kaka alikuja, akakaa kwenye kigoda nyuma ya dogo, akaingia baraza la mzee kwa miguu ya kompyuta. Alitazama muda mrefu bila kusema neno. Halafu akaniuliza kama kuna chai.

Mlango je? Dogo kaumaliza ugomvi. Katengeneza pakiti mbili, moja ya bluu, moja ya chokoleti, zote kaziwasha. Gemu linasoma ile iliyo juu kwenye orodha, hivyo ya juu ndiyo inayoshinda. Akija anko mkubwa, anapandisha chokoleti. Nikija mimi, anapandisha bluu. Jumapili tulifika pamoja, akatutazama wote wawili, akauacha mlango wazi.

Wiki ijayo panapo majaliwa. Jihadhari na folda ya saves!