Kirangozi Hakujiimbia

Katika vikao vya kamati za harusi, kuanzia Dar es Salaam hadi huku kwetu Tabora, kuna kauli imeota mizizi. Mjumbe akithubutu kuuliza muziki utakuwaje, mwenyekiti humkata: "Hilo waachieni maharusi wenyewe, siku ni yao." Vichwa vinaitikia, ajenda inafungwa, kikao kinahamia kwenye idadi ya kreti za soda. Muziki dakika mbili, soda saa nzima. Wengi huiona kauli hiyo kuwa ya busara na heshima kwa vijana. Mimi naiona ni uvivu uliovalishwa kanzu.

Matunda yake nimeyaona kwa macho yangu Itetemia, nje kidogo ya mji, penye ikulu ya watemi wa Unyanyembe. Sherehe ilikuwa uani, chini ya turubai. Bwana harusi alikuwa amemkabidhi DJ orodha ya nyimbo aliyoipanga na mchumba wake kwenye simu, mahaba matupu, na kila wimbo una kisa chake: huu walikuwa wakiusikiliza chuoni, ule alimtumia siku waliyogombana. Ikafika zamu ya zawadi. Upande wa bwana harusi ukajipanga mstari, na mbele akasimama shangazi mtu mzima, kichwani beseni limejaa vitenge na masufuria. DJ akafuata orodha. Ukatoka wimbo wa taratibu, wa watu wawili waliokumbatiana taa zikiwa zimepunguzwa. Shangazi akainua mguu, akausubiri mdundo. Haukuja. Akaurudisha mguu chini. Nyuma yake mstari mzima ukasimama, watu wakatazamana, kisha wakajikongoja mbele kama walio kwenye foleni ya dirisha la benki. Vigelegele vilijaribu mara mbili, vikafia njiani.

DJ alitimiza alichoagizwa, na maharusi walichagua wakipendacho kama walivyoruhusiwa. Lawama ni ya kauli ile iliyowaachia mzigo usio wao.

Mji huu ulikuzwa na watu waliojua wimbo ni wa nini. Katika karne ya 19, misafara ya pwani ilitembea miezi kadhaa kutoka Bagamoyo kufika hapa, na waliobeba pembe na vitambaa wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32, juu ya bega la mtu. Mbele alikwenda kirangozi, manyoya kichwani, na msafara ukitoka pwani alishika bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, na mstari ukaitikia. Sina shaka kirangozi naye alikuwa na mpenzi wake, na wimbo uliomkumbusha huyo mpenzi. Lakini mlimani, jua la saa saba, hakuimba huo. Aliimba ule unaoinua miguu ya mpagazi wa mwisho kabisa, yule ambaye hata hamwoni akigeuka. Kipimo cha wimbo kilikuwa miguu ya wa nyuma, wala si moyo wa wa mbele.

Harusi ni msafara wa namna hiyo. Watu wa pande mbili wasiojuana, wengine wametoka Urambo, wengine Nzega, wengine wameshuka kwenye treni jana yake, wanatakiwa mpaka jioni wawe wamekuwa ukoo. Hotuba ya mshehereshaji haiwezi kufanya hivyo, wala pilau peke yake. Kinachowashonanisha ni kutembea pamoja, kuitikia pamoja, kucheza mbele ya mkwe bila kumgusa. Kazi hiyo hufanywa na muziki. Sasa kazi kubwa kama hiyo unawezaje kuikabidhi kwa watu wawili ambao, siku hiyo, ndio peke yao wasiohitaji kushawishiwa kwamba ndoa hii ni njema?

Halafu kuna suala la michango. Kadi zinagawiwa, ahadi zinaandikwa kwenye daftari, na asiyetimiza anapigiwa simu mpaka anaona aibu kuipokea. Mjomba katoa, jirani katoa, mwalimu wa shule ya msingi katoa. Wakifika ukumbini wanaambiwa siku si yao. Kwenye kuchangia ni yetu sote, kwenye kucheza ni ya wawili!

Ajabu ni kwamba dini zetu hazijawahi kuikubali kauli hii, na hakuna harusi iliyovunjika kwa sababu hiyo. Kwenye misa ya ndoa Kanisa linataka nyimbo za ibada, na maharusi wanatii. Msikitini ndoa inafungwa kwa khutba, mahari, mashahidi na kukubali kwa bwana harusi, bila wimbo wowote. Kasida na dufu huja baadaye. Unyenyekevu huo wote huishia mlangoni mwa ukumbi.

Hata ule wimbo wa kumwingiza bibi harusi uliotufikia kutoka Ulaya unanipa haki. Ni wa Richard Wagner, umetoka kwenye opera yake ya Lohengrin, iliyochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1850. Katika hadithi hiyo ndoa inavunjika usiku uleule wa harusi. Kama wimbo wa harusi ungechaguliwa kwa kisa chake, huu ungekuwa wa kwanza kupigwa marufuku. Umedumu kwa sababu unamfaa mtu anayeingia polepole huku kila jicho linamtazama. Watu wamesahau kisa chake wakabaki na hatua zake.

Najua nitakavyojibiwa: "Kumbe unataka turudi kwenye manyanga ya mababu, vijana wakae pembeni." Sivyo. Anayedai kwamba Tabora ina muziki mmoja halisi haijui Tabora. Beni, na gwaride lake la kuiga wanajeshi, ilichezwa hapa enzi za ukoloni. Kisha yakaja magitaa: Kiko Kids, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz waliovuma kwa mtindo wao wa segere matata. Yule shangazi wa Itetemia, ukimpa miaka sabini, ujue alikuwa binti wa miaka ishirini wakati Shem Karenga na wenzake wa Tabora Jazz wanatingisha nchi hii. Unayemwogopa kwamba atadai ngoma ya tambiko huenda anadai gitaa. Na wazee nao wakiishika orodha ili kila mtu asikie ujana wao tu, wameharibu vilevile. Kosa ni lilelile, limebadilisha mwenyewe.

Ninachodai ni kidogo. Kamati isiandike majina ya nyimbo kwanza. Iandike kazi: nani anatembea, amebeba nini, anatoka wapi kwenda wapi, na ni nani tunataka ainuke kwenye kiti. Barabarani, mbele ya gari la maharusi, matarumbeta juu ya pikapu yanatosha, maana kazi yao ni kuutangazia mtaa. Wakati wa kula, muziki ushuke ili wakwe wasikilizane. Kwenye zawadi, upatikane wimbo wenye mdundo wa hatua, uwe wa Kinyamwezi, wa Kikongo au wa Bongo Fleva ya mwezi huu, mradi mwenye beseni kichwani aweze kuufuata. Maharusi wabaki na wimbo mmoja, ule wa kufungua dansi. Waucheze wakiwa wamefumba macho, na sisi tutapiga makofi kwa moyo safi.

Siku ya pili nilipita kumwamkia yule shangazi. Nikamwuliza aliuonaje ule wimbo wa zawadi. Akafikiri kidogo, kama mtu asiyetaka kumsema mtoto wa watu.

"Wimbo ulikuwa mzuri, mwanangu," akasema. "Ila ulikuwa wa kukaa, na mimi nilikuwa nimesimama."