Kufuli Mlangoni pa Bibi



Mwezi uliopita nilipanda mlima kumpelekea Komunyo mama mmoja mzee wa kigango chetu kimojawapo. Mvua ya Tukuyu mnaijua, haimheshimu hata padre. Nilipofika nilikuta mlango umefungwa kwa kufuli, tena kwa nje. Ndani nilisikia sauti ikimwita mume ambaye alikwisha kuzikwa zamani. Jirani aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe aliniambia bila kusimamisha panga lake: "Baba, huyo bibi amechanganyikiwa, ni uzee tu. Binti yake yuko kwenye chai, atarudi jioni." Nilisali nikiwa nimesimama dirishani, kisha nikarudi na Ekaristi Takatifu kanisani. Njiani nikajikuta nakubaliana na yule jirani: ni uzee tu. Kwa sababu ya kukubali huko naandika leo, na mtaniwia radhi nisipoandika kwa upole.

Si uzee tu, ndugu zangu. Ni ugonjwa wa ubongo, ambao madaktari huuita dimensia, na hapa nchini mwetu umechunguzwa. Mwaka 2010 watafiti walipita vijiji sita vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wakawapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Walikuta kwamba takriban 6 katika kila 100 wana ugonjwa huu. Maana yake ni kwamba wazee 94 katika 100 wa umri huo hawakuwa nao. Kama ungekuwa uzee tu, ungewapata wote. Watafiti walipozungumza na familia za huko walikuta yale yale tunayoyasema sisi hapa Rungwe: wengi waliona kusahau kwa namna hiyo ni sehemu ya kawaida ya kuzeeka, na kwa hiyo hawakuona sababu ya kwenda hospitali.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Mzee huombwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, akumbuke maneno aliyosomewa, apange njiti nne za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Kilitungwa hivyo kwa makusudi, ili mama ambaye hakuwahi kushika kalamu asihesabiwe mgonjwa kwa kosa la kutokwenda shule. Muuguzi aliyefundishwa aweza kukitumia. Na kwenda kupimwa kuna faida, maana baadhi ya wanaopotewa na kumbukumbu wana maradhi mengine yanayotibika: maambukizi, upungufu wa vitamini, tezi isiyofanya kazi vizuri, hata huzuni kubwa inayojificha. Makandana iko mjini Tukuyu, Igogwe iko njia ya Mbeya. Tunawapeleka huko wazee wetu wakivunjika mguu. Akili ikivunjika tunanunua kufuli.

Wapo tena wanaonong'ona neno baya zaidi, nalo nitalitamka: uchawi. Tazameni jinsi shtaka hilo linavyoundwa. Ugonjwa huu humfanya mzee atoke usiku na kuzurura, azungumze na waliokufa, asahau kuvaa, awatuhumu majirani kwamba wamemwibia kitu alichokificha mwenyewe. Kila mojawapo ya dalili hizo, machoni pa mwenye hofu, ni ushahidi. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuwapikia watoto wao. Msiniambie kwamba huko ni mbali. Mkristo anayekwenda kwa mganga kuuliza nani kamroga bibi, kisha Dominika akaja kupokea, aje kwanza tuzungumze.

Sasa nije kwenye jambo lililozua maneno katika kikao chetu cha walei. Mmoja wenu alitoa hoja kwamba parokia ijenge makao ya wazee. Mara wakainuka wengine wakapinga kwa ukali: makao ni mambo ya Wazungu, sisi Wanyakyusa hatuwatupi wazazi wetu. Makofi yakapigwa. Mimi nilikaa kimya, nikilifikiria lile kufuli.

Hatuwatupi? Tunajua vizuri jinsi tunavyofanya. Watoto wako Dar es Salaam, Mbeya, wengine Tunduma kwenye biashara. Wanajenga nyumba nzuri ya bati jekundu na marumaru, wanamweka mama ndani yake pamoja na binti wa miaka kumi na minne aliyekatizwa shule, kisha wanatuma fedha kwa simu. Siku mama akifa, mabasi yanakodiwa, ng'ombe wanachinjwa, sare zinashonwa, na msemaji wa familia anasimama kusimulia jinsi marehemu alivyopendwa. Fedha za mabasi yale zingemlipa mlezi kwa muda mrefu. Yoshua bin Sira, katika sura yake ya tatu, anamwagiza mwana amvumilie baba yake hata akili za mzee zitakapopungua, wala asimdharau kwa kuwa yeye bado ana nguvu. Hazungumzii mazishi pale.

Na hizo mila tunazozitetea, tunazijua? Mwanazuoni Monica Wilson aliishi kati ya Wanyakyusa na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 alitoa kitabu kiitwacho Good Company. Alieleza jinsi wazee wetu walivyoishi kwa vijiji vya rika: vijana wa umri mmoja walijenga kijiji chao, wakaoa humo, wakazeeka humo pamoja. Fadhila kuu waliyoitukuza ni ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako, kula nao na kuongea nao. Sisemi kwamba maisha yale yalikuwa paradiso. Mama huyo huyo aliandika kwa kirefu juu ya hofu ya uchawi iliyokuwamo. Lakini mzee wa zamani hakuachiwa mtoto mmoja amlee peke yake nyuma ya mlango. Alizungukwa na wenzake wa rika. Kwa hiyo anayesema kwamba mila yetu ni kila familia na mzee wake, anatetea desturi changa kuliko yeye anavyodhani.

Kwa upande wa waliotaka tujenge, nao nina neno kwao. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka wazi kwamba familia ndiyo msingi wa matunzo na makazi ya wazee ni hatua ya mwisho. Naikubali, lakini si kwa sababu makao ni dhambi. Jengo peke yake ni kufuli kubwa zaidi. Wenzetu wa Uingereza wana makao mengi, na wamejifunza kwa uchungu. Mwaka 2009 taarifa iliyoandikwa kwa serikali yao ilikadiria kwamba wagonjwa wa dimensia wapatao 180,000 walikuwa wakipewa dawa kali za magonjwa ya akili ili watulie, na kwamba dawa hizo zilisababisha vifo vya ziada vipatavyo 1,800 kila mwaka. Wanaoniuliza kama kuna sindano ya kumtuliza bibi wazitafakari hesabu hizo.

Baadaye watafiti wa huko walijaribu njia nyingine katika makao 69 yenye wagonjwa zaidi ya 800, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Hawakuleta dawa mpya. Waliwafundisha watumishi kumjua mgonjwa: alikuwa nani, alifanya kazi gani, anapenda nini, wamshirikishe katika maamuzi ya matunzo yake, na kila mgonjwa apate saa moja kwa juma ya mazungumzo na shughuli anazozipenda. Hali ya maisha ya wagonjwa ikawa nzuri zaidi, fadhaa ikapungua, na gharama zikawa ndogo kuliko katika makao yaliyoendelea kama zamani.

Saa moja kwa juma! Jumuiya ndogo ndogo zetu hukutana saa moja kwa juma. Nimeangalia daftari: jumuiya inayokutana nyumba tatu kutoka kwenye lile kufuli haijakosa juma hata moja mwaka huu. Wanasoma Injili, wanachanga, wanaimba, na sauti yao bila shaka inapenya mle chumbani. Hakuna aliyegonga. Hata mimi nilipogonga niliondoka.

Na huko Hai tena, kwa watu wetu wenyewe, wagonjwa waliwekwa katika vikundi vidogo na kukutana mara 14 katika majuma saba. Waliongozwa na wahudumu wa afya wasio mabingwa katika mazungumzo, kumbukumbu za zamani na michezo iliyorekebishwa iwafae wasiojua kusoma. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba akili zao zilichangamka na maisha yao yalikuwa bora. Ugonjwa haukupona, hauponi. Lakini mzee alirudishiwa wenzake kwa muda.

Nilimtafuta yule binti baadaye. Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia, nikaaibika. Ana kaka wanne, wote mbali. Halali usiku, maana mama huamka saa nane akitaka kwenda kisimani kwa wazazi wake waliokwisha kufa, na nyuma ya nyumba kuna korongo linaloshuka hadi mtoni. Asipokwenda kuchuma chai hawali. "Baba," aliniambia, "bila kufuli ningekuwa nimeshamzika." Sina jibu la kumpa aliyebaki peke yake. Nina maswali kwa kaka wanne, na kwa jumuiya nzima ya watu ishirini na kitu ambao kila mmoja angekaa na bibi nusu siku kwa mwezi, kufuli likaachwa wazi.

Kwa hiyo hoja ya jengo nimeiweka kando, na msinilaumu. Kila mwenyekiti wa jumuiya aniletee, kabla ya Dominika ijayo, majina ya wazee wa eneo lake ambao hawaonekani tena kanisani, na jina la anayelala nao usiku. Nitaomba muuguzi aje kutufundisha kile kipimo cha njiti. Wazee wanaomkumbuka bibi yule tangu usichana, wale wa rika lake waliobaki, nawaomba waongozane nami Jumanne saa nne asubuhi. Binti ameniachia ufunguo wa pili.

Nawatakieni Dominika njema.