Askari wa shaba kavaa, mpagazi je?

Kila tukikatiza mtaa wa Samora, Dar es Salaam, tunamwona yule askari wa shaba, yupo pale tangu 1927, sare imemkaa, singe imeelekea bandarini. Wageni wanapiga picha. Sisi wajukuu na vitukuu wa watu wa Vita Kuu ya Kwanza tunapita tukinung'unika, maana wazee wetu hawakuvaa hivyo.

Kuanzia 1915 manowari za Waingereza ziliziba pwani, na jeshi la Wajerumani likaishiwa nguo. Vitabu vinamsifu kamanda wa jeshi hilo, von Lettow-Vorbeck, kwa ubunifu: pamba ilifumwa humu humu nchini, kitambaa kikatiwa rangi ya kaki kwa mizizi ya mti, ngozi za ng'ombe na za wanyama wa porini zikashonwa viatu. Sawa, lakini pamba aliisokota nani? Mizizi aliichimba nani? Mikono ilikuwa ya bibi na babu zetu, na hatuoni wakitajwa.

Jeshi hilo liliporudi nyuma kuelekea kusini, ikawa kuvaa cha adui. Novemba 1917 walivuka Ruvuma, wakaiteka kambi ya Wareno pale Ngomano, wakatoka na sare za Kireno mwilini. Huyo ni askari, mwenye bunduki ya kujipatia. Mpagazi, wa upande wowote, angeteka nini? Wengi walikuwa na blanketi tu: ndilo vazi, ndilo kitanda, ndilo koti la mvua. Miguu peku, funza vidoleni. Masika ya Rufiji yakililowesha, alilala nalo hivyo hivyo. Upande wa Waingereza pekee wanakadiriwa kufa wapagazi zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na kichomi kuliko risasi.

Nairobi angalau mpagazi kasimamishwa kwenye sanamu. Dar es Salaam hakusimamishwa, na kambi yao ilikuwa hapa hapa Kariakoo, tunapouza nguo kwa marobota! Hata Wajerumani walipokubali, mwaka 1964, kuwalipa askari wazee malimbikizo yao, inasimuliwa kuwa kuna waliokosa hati wakatoa vipande vya sare kuukuu viwe ushahidi. Mpagazi angetoa kipande cha nini?

Tunaliomba Jiji na Makumbusho ya Taifa: msimamisheni mpagazi, peku, na blanketi lake, kando ya yule askari. Na wewe ambaye mzee wako aliacha ukanda au kitambaa cha vita ile, usikitupe. Kipeleke Makumbusho, na jina la aliyekivaa liandikwe.