Asili Haiachwi kwa Kuongezewa

Wapo Zanzibar wanaojiita walinzi wa taarab asilia. Silaha yao ni methali moja: mwacha asili ni mtumwa. Kijana anayejifunza udi akionekana ngomani, au akikutwa anasikiliza rusha roho, huambiwa kwamba amepotea njia.

Methali ni ya kweli. Hukumu ndiyo batili. Asili hiyo inayolindwa iliingia kisiwani ikiwa mgeni. Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni. Kilabu cha Akhwan Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, kilianza kwa nyimbo za Kiarabu. Kisha Siti binti Saad wa Fumba akaimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 sauti yake ikanaswa kwenye santuri huko Bombay. Zikaja filamu za Kimisri na za Kihindi, zikaja rumba na bolero. Wapigaji wakazipokea na kuzivika maneno ya Kiswahili. Mavuno ya ukarimu huo ndiyo leo yanayoitwa asilia, na anayeyalinda kwa kufunga mlango amesahau yalipitia wapi.

Na atazamwe Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 baada ya kuimba kwa miongo mingi. Alijifunga ngoma ya msondo kiunoni akawafunda wari katika unyago. Akazihifadhi nyimbo za Siti. Na uzeeni akapanda majukwaa ya Ulaya, hata akatunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Nani atathubutu kusema kwamba unyago ulimharibia taarab?

Hata hivyo, ladha haipanuki kwa kusikiliza pekee. Mpiga fidla aliyepitia kidumbaki, penye ngoma mbili ndogo na sanduku, amejifunza kwenda mbio bila kupoteza wizani. Akiingia katika kundi kubwa la taarab, mkono wake umekwisha kulifunza sikio lake. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, kilijengwa juu ya ukweli huo kwa kufundisha ngoma, kidumbaki na taarab chini ya paa moja. Anayedonoa kila mtindo kwa kubonyeza kinanda, asikae chini ya fundi yeyote, hajapanua kitu. Huyo ndiye angestahili kukemewa, kama walinzi wangekuwa wanapiga vita uzembe badala ya upya.

Mafundi wanazeeka. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, na hakuna anayejua kuzilinganisha kwa kubahatisha. Fundi anayemfukuza mwanafunzi kwa sababu ya alichokisikiliza jana atazikwa na elimu yake, na taarab itakuwa imeuawa na mlinzi wake. Anayetaka asili isiachwe amkalishe kijana huyo, amfunze makamu moja baada ya nyingine mpaka vidole vizoee, kisha amruhusu aende ngomani.