Siku Usizorudi Umeshazilipia

Ndugu yangu, hakuna tiketi ya kurudi bure. Haipo. Ukiona bustani ya michezo imekutangazia "lipa leo, urudi bure mwaka mzima", jua kurudi kwako kumeshatiwa ndani ya bei ya leo. Na anayekuuzia anajua jambo ambalo wewe hutaki kulikubali: hutarudi.

Hutarudi kwa sababu una kazi mbili. Hutarudi kwa sababu msimamizi hatoi ruhusa, gari linataka matairi, Kigoma kuna ada ya mdogo wako na Bukavu kuna msiba. Mpanga bei hana haja ya kukujua kwa jina. Inamtosha kujua kwamba wapo wanaonunua siku nne wakatumia mbili. Zile mbili nyingine ni faida tupu, haina hata gharama ya kufagia.

Nasema na wenzangu tulioko Marekani, Waswahili wa Columbus, wa Houston, wa Minneapolis. Tangazo linakukuta kwenye simu usiku, umetoka kuogesha wazee wa watu, mgongo unauma, watoto wameomba wiki nzima. Unabonyeza. Hukushika kalamu, hukupiga hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi daftari tumelifunga kwa hiari yetu.

Amka, basi, tulifungue.

Magic Kingdom, bustani ya Disney World huko Florida, ilifunguliwa Oktoba 1971. Mtu mzima alilipa dola 3.50 kuingia, na michezo akailipia mbali kwa kuponi. Mwaka 1982 kuponi zikafutwa: lipa mara moja getini, panda utakacho. Yalikuwa mapatano ya kueleweka. Februari 2015 tiketi ya siku moja ikavuka dola 100. Mwaka 2025, katika siku za kilele, ilifika dola 199. Siku moja, geti moja, mtu mmoja. Na mtoto akishatimiza miaka 10 anahesabiwa mtu mzima, alipe kama baba yake.

Wewe mwenye watoto watano, piga hesabu hiyo polepole.

Kwa nini siku moja iwe ghali hivyo? Kwa maoni yangu, bei hiyo ipo ili ikutishe. Ukishatishika, siku ya pili inaonekana nafuu, ya tatu inaonekana zawadi, ya nne unaona ni ujinga kuiacha. Ulikuja kununua siku moja, umeondoka na nne. Unajisifu kwa mkeo kwamba umeokoa pesa! Umeokoa nini, wakati umetoa zaidi ya ulichokusudia?

Zamani siku ulizonunua zilikuwa zako. Disney World walikuwa na tiketi ambayo kwa kuongeza pesa haikuwa na mwisho. Ukinunua siku tano ukatumia tatu, mbili unaziweka kabatini, unarudi baada ya miaka saba ukiwa na wajukuu. Mwaka 2015 wakaacha kuiuza. Tangu hapo siku zina ukomo, na zikipita zimepita. Kitu ulicholipia kwa jasho lako kinakufa mkononi mwako, na pesa hairudi. Nani alipiga kelele? Wewe ulipiga? Tulilala, ndugu yangu. Tulilala fofofo.

Kisha kuna kadi za mwaka. Kadi hizi ndizo zinazoniunguza moyo, kwa sababu zinauzwa kwa upendo. "Wewe si mgeni tena, wewe ni wa nyumbani." Wa nyumbani gani anayefungiwa mlango sikukuu? Kadi za bei ya chini zina siku zilizofungwa, na siku hizo ni zipi? Ni Krismasi. Ni likizo za shule. Ni zile zile ambazo mzazi mfanyakazi anaweza kutoka. Zinazobaki nyingi ni za katikati ya wiki, mtoto yuko darasani na wewe uko ghalani unapakia mizigo.

Na usidhani kadi ya bei ya juu itakuokoa. Agosti 2021 Disneyland ya California ilianza kuuza kadi iitwayo Dream Key kwa dola 1,399, ikitangazwa kuwa haina siku zilizofungwa. Kabla ya mwaka kuisha mwenye kadi mmoja alikwenda mahakamani, akidai kwamba alipojaribu kuweka nafasi aliambiwa siku zimejaa, ilhali tiketi za kawaida za siku hizo zilikuwa bado zinauzwa kwa watu wengine. Kampuni haikukubali kosa, lakini mwaka 2023 ilikubali kulipa dola milioni 9.5 ili kesi iishe. Kwa mwenye kadi mmoja mmoja zilikuwa dola zisizofika 70. Alitoa 1,399, akafutwa machozi kwa zisizofika 70.

Halafu kuna malipo ya kila mwezi. Mkazi wa Florida au California anaweza kulipia kadi yake kidogo kidogo, na hapo ndipo watu wetu wengi wanaponasa, maana pesa ya mwezi haionekani. Bandu bandu huisha gogo. Gogo ni mshahara wako. Mwaka 2024 kampuni ya LendingTree iliuliza watu waliowahi kwenda Disney, na karibu mmoja kati ya wanne akasema aliingia deni kwa ajili ya safari hiyo. Miongoni mwa wazazi wenye watoto wadogo hali ilikuwa mbaya zaidi. Deni kwa ajili ya bembea! Mtoto ameshasahau rangi ya ile treni ya kupinduka angani, na mama bado analipa riba.

Na hata siku unayorudi "bure", mfuko unafunguka kuanzia barabarani. Kwa mwenye tiketi za siku, maegesho ya gari Disney World yalifika dola 30 mwaka 2023. Maji, chakula, fulana, picha. Tiketi imekurudisha getini bure ili ulipie vingine vyote.

Sasa foleni. Mwaka 1999 Disney walianzisha FastPass, utaratibu wa kuchukua nafasi yako na kurudi baadaye bila kusimama. Ilikuwa bure kwa kila aliyelipa kiingilio, dereva wa lori sawa na mkurugenzi wa benki. Mwaka 2021 wakaifuta, wakaleta utaratibu wa kulipia, Florida ukianzia dola 15 kwa mtu kwa siku. Oktoba 2024 wakatoa pasi ya juu kabisa, Lightning Lane Premier Pass, ambayo katika siku za kilele Florida ilipangiwa mpaka dola 449. Kwa mtu mmoja. Kwa siku moja. Juu ya kiingilio.

Kuponi zilizofutwa 1982 zimerudi kwa mlango wa nyuma, na safari hii kiingilio hakikushuka.

Mtoto wako amesimama juani saa nzima. Pembeni yake wenzake wanapita bila kusimama, wanacheka, wanapanda, wanarudi, wanapanda tena. Anakuvuta shati: "Baba, mbona wale hawapangi foleni?" Utamjibu nini? Umetoa mshahara wa wiki mbili ili mwanao afundishwe nafasi yake duniani na kamba ya foleni. Hili linaniuma kuliko bei yenyewe. Bei nitaihimili au nitaikataa, lakini sikumleta mtoto wangu kuja kuonyeshwa kwamba yeye ni wa kungoja.

Usiniambie hakuna njia nyingine. Pennsylvania, mji wa Elysburg, ipo bustani ya michezo ya Knoebels, ya tangu 1926. Kuingia bure, maegesho bure, unalipia mchezo unaoupanda. Bibi anayetaka kukaa kivulini na kuwatazama wajukuu halipi hata senti. Uingereza, sheria ya kodi inasema taasisi ya hisani ikitaka kiingilio chako kihesabiwe kuwa mchango, ama utoe walau asilimia 10 zaidi ya bei, ama upewe haki ya kuingia kwa miezi 12. Ndiyo maana huko makumbusho na bustani kadhaa hukupa mwaka mzima kwa bei ya siku moja. Sheria ikitaka, inawezekana. Hapa kwetu sheria haijataka kwa sababu sisi hatujataka.

Tunataka nini hasa sisi? Tunalalamika jikoni, tunalalamika baada ya misa na baada ya swala, kisha Jumamosi tunapiga picha getini tumetabasamu, tunamtumia shangazi Tanga aone tumefika. Picha hiyo ndiyo tangazo lao la bei nafuu kuliko yote. Binamu yako ataiona, ataona aibu kubaki nyuma, naye atabonyeza.

Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Basi tuerevuke. Kabla hujanunua siku nne, andika tarehe nne ulizokwisha ombea ruhusa kazini. Huna tarehe nne? Nunua moja. Kadi ya mwaka ikifika mwisho wake, usiihuishe, na andika barua useme kwa nini. Andika kwa mbunge wako wa jimbo, maana kodi unalipa na wapo wanaopiga kura katika nyumba yako.

Na dai letu liwe moja, linaloeleweka: rudisheni tiketi isiyokufa. Siku tuliyoilipia ibaki yetu mpaka tutakapoitumia. Tukija baada ya miaka mitatu na siku mbili zilizobaki mkononi, fungueni geti, kwa sababu zimelipwa.