Namba tisa na mwezi wa giza

JUMATATU. Jioni mazoezini walikuja vijana kumi na saba. Mwalimu aliwataka wajipange, kila mmoja na nafasi yake, nami kama katibu wa timu nikahesabu na kuandika: makipa wawili, mabeki sita, viungo saba, winga mmoja, namba tisa mmoja. Huyo namba tisa hakuwa amevaa viatu vya mpira. Alikuja kuaga.

"Shikamoo mwalimu. Mwezi umeingia giza, chombo kinatoka usiku huu."

"Marahaba. Na Jumapili?"

"Jumapili Mungu akijaalia. Lakini msinitegemee."

Kwa msomaji asiye wa pwani nieleze kidogo. Dagaa wa huku Bagamoyo huvuliwa kwa taa, na taa huwavuta vizuri usiku usio na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu vyombo hupumzika, nyavu hushonwa, na timu yetu huwa na mshambuliaji. Mwezi ukiingia giza, mshambuliaji wetu yuko baharini, na sisi tunabaki na viungo saba wanaojua kupiga chenga na hakuna wa kuumalizia mpira. Msimu huu, siku alizokuwepo tumefunga. Siku alizokosekana tumetoka uwanjani mikono mitupu, ukiacha penalti moja.

Simlaumu hata chembe. Safari ile inalisha nyumba ya watu sita. Ninachokiandika hapa ni aibu yetu sisi viongozi: timu yenye miaka minane mtaani haijawahi kulea namba tisa wa pili.

JUMANNE. Kijiweni, kwenye kahawa na kashata, niliieleza habari hiyo nikidhani ni ya mtaa wetu tu. Mzee mmoja akaweka kikombe chini na kuniuliza, "Mwanangu, na Taifa Stars je?"

Nikarudi nyumbani nikafungua madaftari yangu ya zamani. Ukweli ulioandikwa humo ni mzito kuliko nilivyoukumbuka.

Fainali za Mataifa ya Afrika za 2019 kule Misri tulicheza mechi tatu tukafunga mabao mawili, yote dhidi ya Kenya: Simon Msuva na Mbwana Samatta. Fainali zilizochezwa Ivory Coast Januari 2024, mechi tatu, bao moja, la Msuva dhidi ya Zambia. Fainali za Morocco zilizoanza Desemba 2025 tulicheza mechi nne na kufunga mabao matatu: Charles M'Mombwa dhidi ya Nigeria, Msuva kwa penalti dhidi ya Uganda, Feisal Salum dhidi ya Tunisia. M'Mombwa na Feisal ni viungo. Jumlisha: mechi 10, mabao sita, na nusu yake ni ya mtu mmoja aliyezaliwa 1993.

Hao wawili, Msuva na Samatta, wamelibeba taifa mabegani kwa zaidi ya miaka kumi. Samatta, kijana wa Mbagala, alikuwa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa Afrika 2015 akiwa na TP Mazembe, akafunga mabao 23 katika ligi ya Ubelgiji msimu wa 2018/19 akiwa na Genk, na Februari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Nchi yoyote ingejivunia mtu wa namba tisa kama huyo. Lakini nchi iliyojipanga, siku ile ile anapopanda ndege kwenda Ulaya, huanza kumtafuta wa kumfuata. Sisi tulipiga makofi, tukapiga picha, tukakaa.

Mzee wa kijiweni alinikumbusha jambo jingine. Kufuzu kwetu fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza kulitokana na bao la Peter Tino kule Ndola, mwaka 1979, sare ya 1-1 na Zambia. Tulipofika Lagos mwaka 1980 tukafunga mabao matatu katika mechi tatu, na hakuna hata moja la Tino: mawili ya Thuweni Ally, moja la Juma Mkambi. "Mmoja alitufikisha mlangoni," alisema mzee, "wengine wakagonga." Sikuwa nimewahi kuitazama hivyo. Mechi 13 za fainali hizo tangu Lagos hadi leo, na bado hatujashinda hata moja.

Na zile fainali za CHAN, za wachezaji wa ligi za ndani, tulizoandaa pamoja na Kenya na Uganda, Agosti 2025? Tulizifurahia sana hapa Bagamoyo, mabanda umiza yalijaa hadi watu wakakaa nje. Tulishinda mechi tatu za kundi na kutoka sare moja, kwa mabao matano. Tazama wafungaji: Abdul Suleiman Sopu kwa penalti, Clement Mzize mawili, Mohamed Hussein, Shomari Kapombe. Hussein ni beki wa kushoto. Kapombe ni beki wa kulia, na bao lake dhidi ya Mauritania lilikuja dakika ya 89, wakati washambuliaji wote walikuwa wameshajaribu. Beki akifunga ni neema. Mabeki wawili wa pembeni wakiwa miongoni mwa wafungaji wanne wa taifa, hiyo ni taarifa ya ugonjwa. Robo fainali Morocco walitufunga 1-0 kwenye uwanja wetu wa Mkapa, Dar es Salaam.

JUMATANO. Nilikuwa na shughuli mjini. Daladala la kwenda Makumbusho linapita Kiromo, Zinga, Kerege, Mapinga, halafu Bunju, ambako Simba wana uwanja wao wa mazoezi tangu mwisho wa 2019. Kila nikipita hapo huwa najiuliza ni washambuliaji wangapi wa Kitanzania wamepata pale mechi kumi mfululizo za kuanza.

Katika misimu minane, kuanzia 2017/18 hadi 2024/25, kiatu cha mfungaji bora wa Ligi Kuu kimechukuliwa na Emmanuel Okwi wa Uganda, Meddie Kagere wa Rwanda mara mbili, John Bocco, George Mpole, kisha Fiston Mayele wa Kongo pamoja na Saido Ntibazonkiza wa Burundi, halafu Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso, na Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast. Watanzania ni wawili tu. Wote hao nimewashangilia na sitaki mtu asome hapa chuki kwa wageni. Kagere amewafundisha mabeki wetu kazi. Mayele alifanya watoto wa mtaani wateteme kila wakifunga kwenye chandimu. Kanuni zimeruhusu klabu kusajili wageni hadi 12, na klabu inayotaka kombe la Afrika itanunua mtu aliye tayari leo.

Ila kuna jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Mpole alifunga mabao yake 17 ya msimu wa 2021/22 akiwa Geita Gold. Msimu wa 2016/17, kijana wa Ruvu Shooting, Abdulrahman Mussa, alilingana na Msuva wa Yanga kwa mabao 14. Ruvu ni watu wetu, wa Mlandizi, mkoa huu huu wa Pwani. Sopu aliwafunga Yanga mabao matatu peke yake katika fainali ya Kombe la Shirikisho Julai 2022, sare ya 3-3 kabla ya penalti, akiwa na Coastal Union ya Tanga. Hao watatu wamefungia klabu zisizo na fedha za kununua mshambuliaji nje. Huko ndiko namba tisa wa Kitanzania anakopewa mechi, anakosa mabao, anapangwa tena wiki inayofuata, hadi anajua kufunga.

Ruvu Shooting ilishuka daraja mwaka 2023. Geita Gold ikafuata mwaka 2024. Tulizihesabu kama timu mbili zilizoshuka. Zilikuwa vitalu vya miche.

ALHAMISI. Nilipita karibu na chuo cha sanaa cha TaSUBa jioni, wanafunzi wakiwa kwenye mazoezi ya ngoma. Nyuma ya mpigaji mkuu alikaa kijana akipiga mapaja yake kwa mapigo yale yale, kimya, akimfuata mwenzake pigo kwa pigo. Baada ya muda mkuu aliinuka kunywa maji. Kijana akakaa kwenye ngoma, na wachezaji hawakugeuka hata kutazama.

IJUMAA. Binti wa jirani, kidato cha pili, alinisimamisha. "Shikamoo baba. Eti timu yenu haina straika? Sisi tunao watatu." Hakuwa akitania.

Timu yetu ya taifa ya wanawake ina kitu ambacho ya wanaume inakitafuta. Aisha Masaka alitoka Sweden akasajiliwa na Brighton ya Uingereza mwaka 2024. Clara Luvanga yuko Al Nassr ya Saudi Arabia. Opa Clement naye amecheza nje kwa miaka. Ukimzuia mmoja, yupo mwingine. Wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule India mwaka 2022, na njiani waliifunga Ufaransa 2-1. Nimekuwa nikijiuliza sababu. Dhana yangu ni hii: ligi yao haijawa na fedha nyingi za kununua wafungaji wa kigeni kila dirisha, kwa hiyo binti mwenye jicho la goli hupangwa akiwa na miaka 17 na huachwa akue. Huenda nimekosea, lakini nikitazama majina yale naona miaka ya kucheza, sioni bahati.

JUMAMOSI. Niliamka mapema nikatembea hadi uwanja wa Mwanakalenge, kisha nikazunguka mitaa ya nyuma kuhesabu viwanja vya wazi tulivyochezea utotoni. Vitatu havipo. Kimoja kina ukuta wa tofali na geti, kingine kimepandwa nyumba nne, cha tatu kimepimwa na kuwekewa vigingi. Barabara yote kuanzia Mapinga ni hivyo hivyo. Sina ugomvi na mtu anayejenga. Lakini mtoto hujifunza kufunga kwa kupiga mpira golini mara elfu, na kupiga kunahitaji nafasi. Kwenye kichochoro unajifunza chenga. Nadhani ndiyo maana Jumatatu nilihesabu viungo saba.

Ipo na sababu ya pili, nayo inatuhusu sisi tunaosimama pembeni ya mstari. Kiungo akipoteza mpira mara ishirini hakuna anayekumbuka. Namba tisa akikosa goli moja hutukanwa hadi wazazi wake. Nimewaona watoto wa miaka 13 wakiomba kuhamishwa nafasi baada ya mechi moja. Kila tusi lile linatupunguzia mshambuliaji.

Na wanaolea huvuna: Morocco walitufunga 3-0 Januari 2024, na waliofunga ni Saïss, Ounahi na En-Nesyri. Wawili wa mwisho wamelelewa katika chuo cha soka cha Mohammed VI, kilichoanzishwa 2009. Kutoka 2009 hadi bao la En-Nesyri ni miaka kumi na tano. Sisi mwaka 2019 tuliandaa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 hapa Dar es Salaam. Timu yetu ilifungwa mechi zote tatu, lakini ilifunga mabao sita, manne kati yake dhidi ya Nigeria. Mabao manne dhidi ya Nigeria! Kwa hiyo kwenye miaka 17 wafungaji tunao. Wanapotea kati ya hapo na miaka 22, kwenye benchi la klabu kubwa, au kwenye klabu ndogo iliyoshuka, au kwenye chombo cha dagaa.

Mwaka 2027 tunaandaa Mataifa ya Afrika pamoja na Kenya na Uganda. Muda wa kumlea namba tisa wa fainali hizo umekwisha. Tutakwenda na waliopo. Lakini wa fainali za baadaye leo ana miaka kumi na kitu, na yupo mahali fulani kati ya Bunju na Saadani akicheza peku.

JUMAPILI. Asubuhi chombo kilikuwa hakijarudi. Mwalimu alimpanga mtoto wa miaka 16, ambaye Jumatatu alisimama kwenye mstari wa viungo. Alipomwambia, mtoto alitazama chini.

Dakika ya 20 alibaki na kipa peke yake, akapaisha. Kipindi cha pili krosi ilimkuta mita nne kutoka golini, akaichelewa. Watu walianza kupiga kelele atolewe, na mmoja wa wazee wa timu alikuja hadi kwenye benchi kusema hivyo hivyo. Mwalimu alimsikiliza kwa heshima, akamwambia, "Mzee wangu, huyu anamaliza dakika tisini, na Jumapili ijayo anaanza." Nililiandika neno hilo kwenye daftari la timu ili lisibadilishwe.

Tumefungwa 1-0. Dakika za mwisho alipiga kichwa kilichogonga mwamba, na aliruka juu ya mabeki wawili kuufikia mpira. Jioni mvuvi wetu alifika kuuliza matokeo, bado ananuka bahari, akakaa na mtoto yule chini ya mwembe wakaongea muda mrefu juu ya jinsi ya kusimama kwenye krosi.

Mazoezi ni Jumatatu na Ijumaa, saa kumi jioni. Mzazi mwenye kijana anayependa kupiga golini, amlete. Viatu tutamtafutia. Na wewe utakayekuja kutazama, akikosa, nakuomba unyamaze.