Mapokeo Nayo Yana Mwenyewe

Wapenzi wa lugha na ushairi, leo naomba niwapeleke mbali kidogo, kisha nirejee nyumbani na ungamo langu.

Mwaka 1937, Alan Lomax na mkewe Elizabeth walifika Salyersville, katika milima ya mashariki ya Kentucky, Marekani, wakiwa na mtambo wa kuchonga sauti juu ya santuri. Walikuwa wakikusanya muziki wa wenyeji kwa ajili ya Maktaba ya Bunge. Hapo wakamrekodi mpiga fidla aitwaye William Hamilton Stepp, naye akawapigia lahani ya kale iitwayo Bonaparte's Retreat, yaani kurudi nyuma kwa jeshi la Napoleon Bonaparte.

Wapigaji wengi waliipiga polepole, mfano wa mwendo wa askari waliochoka. Ni desturi kuushusha uzi mzito wa fidla hadi uvume chini ya lahani, na baadhi ya wasikilizaji husikia humo mngurumo wa vita. Stepp aliigeuza. Aliikimbiza hata maandamano ya walioshindwa yakawa ngoma ya kuchezwa.

Ruth Crawford Seeger aliisikiliza santuri hiyo kwa makini na kuiandika kwa noti, katika kitabu cha akina Lomax kilichotoka mwaka 1941. Mwaka uliofuata mtunzi Aaron Copland alikuwa akiandaa muziki wa Rodeo, mchezo wa dansi wa Agnes de Mille. Aliyachukua maandishi hayo, akayatia katika sehemu iitwayo Hoe-Down, karibu noti kwa noti. Tangu hapo lahani hiyo imepigwa na okestra kubwa, ikarekodiwa na bendi ya roki ya Uingereza mwaka 1972, na hata kutumika katika matangazo ya nyama ya ng'ombe kwenye televisheni za Marekani. Wengi walioisikia humjua Copland. Wachache wamjua Stepp.

Najua jibu litakalotolewa: lahani si ya Stepp, ni ya mapokeo, yeye naye aliipokea. Ni kweli. Lakini ile kasi, na ule ugeuzaji wa huzuni kuwa furaha, havikushuka kutoka mbinguni. Vilitoka katika mkono wa mtu mmoja, mahali pamoja. Mapokeo hayajipokezi, hupokewa na mtu, naye huongeza chake kabla ya kumpa mwingine. Sisi twalijua jina lake kwa sababu tu waliomrekodi hawakuona tabu kuliandika.

Nasi tunalo funzo kama hilo. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyahifadhi na kuyakusanya pamoja na W. E. Taylor, muda mrefu baada ya Muyaka kufariki. Twamsifu Muyaka, na ni haki yake. Je, Sikujua twamtaja mara ngapi?

Sasa ungamo. Nilipokuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, niliwatuma wanachuo wangu likizoni wakusanye nyimbo za kubembelezea watoto. Mmoja alirudi na wimbo mzuri mno, na chini yake ameandika jina la bibi yake. Nilichukua kalamu nyekundu, nikalikata jina lile, nikaandika juu yake: "Mapokeo." Nilidhani namfunza istilahi. Kijana alinitazama, akasema taratibu, "Lakini mwalimu, beti la mwisho ni lake mwenyewe." Nikamjibu kwamba fasihi simulizi haina mtunzi. Wimbo ule naukumbuka hadi leo. Jina la yule bibi silikumbuki, na ni mimi niliyelifuta.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Kila tunapochapa wimbo, methali yenye kisa, au shairi tulilolipata mdomoni mwa mtu, tuandike nani alitupa, wapi, na mwaka gani. Tukitaka tuliite la mapokeo, lakini jina la mpokezi lisikose chini yake. Washairi wetu wa kale walitia majina yao katika beti za tamati kwa kuwa walijua ulimwengu husahau upesi. Wasioweza kuandika hawakuwa na beti hilo. Basi tuwaandikie sisi.